Kuta Nilizoosha, Wakapaka Wengine

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinipa kikombe cha maji, akanionyesha ukuta wa jikoni, akaniambia niumwagie. Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilikuwa nimekuja kuomba kazi ya kufagia nyumba zinazotengenezwa, nimevaa buibui juu ya dera kuukuu, na hapo mbele yangu palikuwa na ukuta uliogeuka rangi ya samli iliyoungua, unang'aa kama uliopakwa vanishi.

"Mwaga," alisema.

Nikamwaga. Maji hayakuushika ukuta. Yalijikusanya matone matone, kila tone limejitenga na mwenzake, yakateremka mbio hadi sakafuni.

"Umeona? Hayo ni mafuta. Leo nikiupaka ukuta huu, rangi itafanya vivyo hivyo. Haitashika. Kabla ya Ramadhani itakuwa yababuka, na mwenye nyumba ataniita mwizi mtaa mzima. Kazi yako ni kuuosha mpaka maji yakimwagwa yatandae. Yakitandaa, niite."

Akachukua kofia yake, akaondoka. Nilibaki na ndoo, na mwanamke mmoja mrefu aliyekuwa amekaa juu ya ngazi akinitazama.

Vijana wanaoniuliza nilifanya kazi gani maishani hudhani nawachekesha nikisema niliosha kuta za majiko ya watu, tena sikuwa yaya wala mpishi. Lakini ilikuwa kazi kamili, na ilikuwa na sababu yake. Katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa jikoni ni mahali pa wanawake. Kupaka rangi ni kazi ya asubuhi moja. Wenye nyumba huhamia kwa jirani, mafundi wakaingia, wakapaka, wakatoka. Kuosha mafuta ni kazi ya kushinda humo ndani siku baada ya siku, na hakuna mama wa mtaa wetu wa Kibokoni wa zama zangu aliyekubali wanaume wa nje washinde jikoni mwake huku binti zake wanapita. Kwa hivyo Fundi Mkuu, aliyekuwa na kundi la wapakaji na jina zuri mjini, alihitaji wanawake wa kuosha. Alikuwa na mmoja tu, na kazi zilikuwa zimemzidi.

Huyo mmoja ndiye yule wa juu ya ngazi. Jina lake Rahel. Alikuwa Mkamba, amemfuata mumewe aliyekuwa kuli bandarini, na walipanga chumba Makupa, karibu na pale malori yanapoegeshwa. Mimi nilikuwa nimeachwa na mume mwaka ule, nimerudi kwa mamangu, na sikuwa nimewahi kufanya kazi ya mshahara. Nilipotia kitambaa ndani ya ndoo na kuanza kusugua juu, karibu na dari, ndipo Rahel aliposema neno lake la kwanza.

"Dada, usianze juu."

"Kwani?"

"Maji machafu yatashuka kwenye ukuta mkavu. Yakishuka yanaacha mistari, na hiyo mistari haitoki tena hata ulie. Anza chini, lowanisha unapanda. Ukishamaliza kusugua, suuza sasa kutoka juu kwenda chini."

Nikashuka, nikaanza chini. Mpaka leo, nikioga, nikiosha gari la mwanangu, hata nikifuta kabati, mkono wangu huanza chini.

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu. Alinifundisha kwamba mafuta ya jikoni si kitu kimoja. Kuna yaliyotoka juzi, hayo yanaondoka kwa maji moto na sabuni. Kuna yaliyoshikana na masizi ya makaa yakawa ukoko mgumu. Hayo huwekewa kwanza kitambaa kilichochovywa maji ya moto sana, yalainike, kisha yakwanguliwe kwa kisu butu ili plasta isijeruhiwe. Baada ya hapo ndipo magadi. Tuliyayeyusha katika maji moto na kusugua kwa kumbi la nazi, kwa sababu brashi za dukani zilikwisha upesi na kumbi lapatikana kila nyumba. Magadi huyageuza mafuta yakawa kama sabuni, yakaachia ukuta. Lakini nayo yakibaki ukutani huila rangi, hivyo tulisuuza, tukasuuza tena, na mwisho tukapitisha maji yenye siki kidogo. Mbao na boriti za dari hazikuguswa kwa magadi kamwe, maana huzitia weusi. Hizo zilifutwa kwa mafuta ya taa kisha sabuni laini. Na pale ukuta ulipokuwa na rangi ya mafuta ya zamani, inayoteleza, tuliupiga msasa baada ya kukauka ili rangi mpya ipate pa kushika.

Rahel alikuwa na tabia ya kuzungumza na ukuta. "Toka wewe," aliuambia ukoko. "Umekaa hapa tangu mama wa nyumba ni mwari. Toka sasa." Mwanzo nilicheka. Baadaye nikawa nami nazungumza nao.

Tulifanya kazi pamoja miaka kadhaa. Majiko ya Kibokoni tuliyajua kwa harufu. Nyumba ya wakaanga samaki, nyumba ya wapika bajia, nyumba ya wazee wawili wanaokula uji tu. Wenye nyumba walinizoea mimi haraka, maana walimjua mamangu. Rahel ilimchukua muda. Palikuwa na nyumba ambamo aliletewa chai katika kikombe cha bati na mimi nikaletewa cha kauri. Nilipoona hivyo nilibadilisha vikombe, nikanywa chake.

Kisha tukapelekwa Kizingo. Lilikuwa jumba kubwa la maofisa, lenye bustani na miti mirefu, na halikuwa na mtu ndani. Huko bwana wetu hakuwa Fundi Mkuu peke yake. Juu yake alikuwako Msimamizi wa Majengo, mtu wa kutembea na fimbo ya kupimia, aliyesema kidogo na kupumua sana. Jiko la nyumba ile lilikuwa kubwa kuliko chumba changu na cha mamangu kwa pamoja. Mpishi wa ofisa aliyehama alikuwa amekaangia nyama humo miaka mingi bila kufungua dirisha.

Tulimaliza kuosha mapema, na wapakaji hawakuja. Walikuwa wamezuiliwa kwenye kazi nyingine. Madebe ya rangi yalikuwa pale. Rahel alifungua moja, akalikoroga kwa kijiti, akachukua brashi na kupaka nyuma ya mlango, mahali ambapo hapaonekani mlango ukiwa wazi. Alipaka kwanza andakoti, ile rangi ya chini, na kesho yake akapaka ya juu. Sijapata kuona mkono uliotulia vile. Hakuna tone lililoanguka.

"Umejifunza wapi?" nilimuuliza.

"Nimewatazama. Wewe hujawatazama?"

"Nimewatazama, lakini sikudhani ni kwa ajili yangu."

Akaninyoshea brashi. "Shika. Paka hapa chini, hapa hata mtoto hawezi kuharibu."

Nilitamani, siwezi kusema uongo. Lakini nilimsikia kaka yangu mkubwa kichwani mwangu, na majirani, na yule shangazi aliyekuwa tayari anasema kwamba kazi yangu inanitembeza mno. Kuosha jikoni kwa wanawake wenzangu, hilo waliweza kulimeza. Kupanda ngazi na brashi kama fundi, mbele za watu, lilikuwa jambo jingine.

"Siku nyingine," nilimwambia. "Mimi ngazi mbele za watu siziwezi."

Alicheka, akaendelea kupaka. Msimamizi wa Majengo alipokuja kukagua, alifunga mlango, akapitisha kidole nyuma yake, akageuka kwa Fundi Mkuu. "Aliyepaka hapa ndiye apake sebule."

Fundi Mkuu alijua vizuri kwamba hakuna mtu wake aliyefika pale. Alimtazama Rahel mikono yake yenye madoa meupe. "Ni mmoja wa vijana wangu," alijibu. Tulipotoka nje alimwambia Rahel, bila kupandisha sauti, "Usiniaibishe. Kila mtu na kazi yake." Mimi nikadakia kwamba sikuigusa brashi, ngazi mbele za watu siziwezi. Rahel aliniambia njiani kwamba siku moja atakuwa na kundi lake mwenyewe, la wanawake watakaoosha na kupaka, na kwamba mtu wa kwanza kumwita nitakuwa mimi. Nilimwambia inshallah, kama tunavyosema.

Sasa nije kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mama wa makamo wa Kibokoni aliyekaanga viazi vya karai na kaimati nyumbani kwake, na mtaa mzima ulikula kutoka kwake. Jiko lake lilikuwa juu, ghorofani, na karai yake haikupata kupoa. Ukoko wa ukuta ule ulikuwa mnene kiasi cha kuandikika kwa kucha. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, wageni walikuwa wanatoka Lamu na Zanzibar, na alitaka jiko liwe jeupe kabla hawajafika. Alikuwa mkali. Siku tuliyofika alimtazama Rahel kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia mimi, "Mwenzako apite mlango wa uani." Nikamwambia, "Bi Zuhura, ndoo ni nzito na ngazi ya uani ni mbovu. Tutapita pamoja." Akaguna. Tukapita pamoja.

Kazi ilituelemea. Magadi yalikuwa kama maji matupu mbele ya ukuta ule, na siku ya arusi ilikuwa inakaribia. Fundi Mkuu alipopita na kuona tulipofika, alikuna kidevu, akaondoka, akarudi na kopo la vipande vyeupe kama mawe ya chumvi. Ilikuwa ile soda kali wanayochemshia sabuni.

"Hii itamaliza leo leo," alisema.

Rahel alilinusa kopo kwa mbali. "Fundi, hii inakula ngozi. Hata glavu hatuna."

"Tieni maji mengi. Haina neno. Watu waitumia kila siku."

"Kwa dari pia? Hapo juu inabidi tutazame juu."

"Rahel, arusi haitungoji mimi na wewe."

Tulifunga mikono kwa mifuko ya nailoni. Chini kazi ilikwenda vizuri, lazima niseme. Ukoko ulikuwa unavuliwa kama gamba. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na meko, Rahel yuko ngazini, anasugua pale moshi unapopandia, kichwa amekitupa nyuma. Nilisikia kumbi likianguka. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ndogo, kama ya mtu anayevuta pumzi na kukatazwa kuitoa. Alishuka ngazi huku anapapasa, kiganja juu ya jicho la kushoto.

"Mwanaisha," alisema, "maji. Maji."

Niwaeleze wageni wa Mombasa kwamba mifereji ya Mji wa Kale hukauka. Wiki ile ilikuwa imekauka kabisa. Ndoo yetu ilikuwa na maji ya soda ile ile. Maji safi yaliyokuwa katika nyumba nzima yalikuwa ni yale ya mapipa ya uani, ambayo Bi Zuhura aliyanunua kwa wenye mikokoteni, mkokoteni kwa mkokoteni, kwa ajili ya kupikia biriani ya wageni. Alikuwa ametuonya asubuhi: maji ya mapipa hayaguswi, hata kwa udhu.

Nilipiga kelele. Bi Zuhura alikuja mbio na mwiko mkononi. Alimtazama Rahel mara moja tu. Alitupa mwiko, akamshika kiunoni, akamteremsha ngazi hadi uani, akamketisha juu ya kibao, akamlaza kichwa mapajani mwake juu ya kanga yake nzuri.

"Fungua jicho, mwanangu. Fungua. Najua. Fungua hivyo hivyo," alikuwa anamwambia, huku anampanua kope kwa vidole vyake. Kisha kwangu: "Tia maji! Wangoja nini?"

"Ya mapipa, Bi Zuhura?"

"Tia!"

Nikachota kwa kata, nikamwagia. Nikachota tena. Bibi arusi mwenyewe alishuka, mikono ina piko mbichi, ile rangi nyeusi ya maharusi, akataka kusaidia. Mamake akamfukuza arudi juu, kisha akamwita tena ashike miguu ya Rahel aliyekuwa anapiga mateke kwa uchungu. Piko yote ikaharibika. Pipa la kwanza likaisha. Nilisita nikamtazama Bi Zuhura. "La pili," alisema. Tulimwagia mpaka uani pakawa kama pwani wakati wa kujaa maji, mpaka kijana wa jirani alipoleta gari la kumpeleka hospitali. Bi Zuhura alikwenda naye, amelowa vile alivyo, ameshika kichwa chake.

Daktari alisema lile jicho lingetoboka kama si maji yale. Halikutoboka. Lakini liliota utando mweupe, na Rahel akawa analitumia kuona mwanga na giza tu.

Biriani ya arusi ilipikwa. Wanawake wa Kibokoni walileta maji, huyu sufuria, huyu ndoo, huyu birika, na hata mtungi wa maji wa msikitini ukaletwa. Bi Zuhura alituma sinia la chakula Makupa kabla ya kuwapakulia wageni wake. Mimi nililimaliza jiko lile peke yangu, kwa magadi, polepole. Wapakaji walikuja, wakapaka, na watu wakasifu rangi.

Rahel alipopona alirudi kwa Fundi Mkuu. Nilikuwapo, tumesimama mlangoni mwa karakana yake. Fundi Mkuu hakuwa mtu mbaya wa moyo. Alimpa pole, alimletea kiti. Lakini alisema, "Mtu wa jicho moja hajui ngazi iko wapi. Ukianguka, damu yako itakuwa shingoni mwangu."

Nikamwambia, "Basi abaki chini, mimi nipande juu."

"Wewe hupandi mbele za watu, Mwanaisha. Mwenyewe umesema."

"Nitapanda."

Akatikisa kichwa. "Nimekwisha kusema."

Nilikuwa nikimtembelea Rahel Makupa kila nilipopata nafasi. Nilimpelekea mahamri, tukakaa kitandani, akanieleza habari za kundi lake la wanawake kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha mamangu akashikwa na ugonjwa wa kupooza, nikawa siwezi kutoka ila kwenda kazini. Nilipokuja tena kubisha hodi Makupa, chumba kilikuwa na wapangaji wengine, na hawakujua aliyekuwamo kaenda wapi. Nikamuuliza Fundi Mkuu.

"Amerudi kwao Ukambani," alisema, akiendelea kukoroga rangi. "Yeye na mumewe. Walikuja kuniaga. Amekusalimu."

Nililia siku ile, kisha nikaosha ukuta, maana ndiyo kazi iliyokuwapo.

Nimeosha kuta nyingi baada ya hapo. Fundi Mkuu alizeeka, karakana ikawa ya mwanawe, tuliyemwita Fundi Mdogo, akaleta glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na dawa za chupa za kupuliza. Nilizipokea, ila kila nilipovaa miwani ile nilimkumbuka mtu. Wasichana wawili watatu walipita mikononi mwangu, nikawafundisha kuanza chini, wakaolewa wakaacha. Kila nyumba ilikuwa vile vile: nilipomaliza nilimwita Fundi, akamwaga maji yake, yakatandaa, akasema vyema. Kisha nilijifunga buibui nikatoka, nikipishana mlangoni na wanaume wenye brashi. Fundi Mkuu alipofariki nilikwenda matangani nikamlilia kwa dhati. Aliniweka kazini zaidi ya nusu ya umri wangu. Mwishowe vidole vyangu vikafa ganzi, nikawa sijui kama nimeshika kitambaa au sikushika, nikastaafu. Fundi Mdogo alinichinjia mbuzi.

Mwaka jana macho yangu yalianza kuota ukungu, mwanangu akanipeleka kwenye kliniki ya macho. Tulikuwa tumekaa benchi refu, wazee watupu, tunangoja kuitwa. Muuguzi akatoka akasoma jina. "Rahel Mwikali!"

Mwanamke mrefu aliyekaa upande wa pili wa benchi aliinuka na fimbo. Lile jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama lulu.

Sikusema jina lake. Nilisema tu, "Dada, usianze juu."

Alisimama. Hakugeuka mara moja. Muuguzi aliita tena, naye akamwambia, "Ngoja, mama. Ngoja kidogo."

Tulipomaliza kushikana na kulia na kuwachekesha wazee wenzetu, nilimuuliza amekuja lini kutoka kwao.

"Kwetu wapi?"

"Ukambani. Si ulirudi?"

"Nani alisema?"

"Fundi Mkuu."

Alikaa chini taratibu, fimbo kati ya magoti. "Mwanaisha, mimi sijahama kisiwa hiki. Tulitoka Makupa tukaenda mtaa wa Majengo. Niko Majengo tangu siku ile."

Kutoka kwangu hadi Majengo ni mwendo wa miguu. Nimekwenda sokoni huko mara ambazo sizijui.

"Na wewe," nikasema, "mbona hukuja Kibokoni?"

"Nilianzisha lile kundi," alisema. "Mimi na jicho langu moja. Nilipanda ngazi na sikuanguka. Kwenu sikuwa napajua, nikaenda kwa Fundi nikamwambia, mwambie Mwanaisha kundi liko tayari, aje tushirikiane, nusu kwa nusu. Niliporudi kusikia jibu akaniambia umekataa. Umesema ngazi mbele za watu huziwezi." Alinigeuzia jicho lake zima. "Nikaamini. Kwa sababu ni maneno yako. Hayo maneno nilikuwa nimeyasikia mwenyewe, Kizingo."

Fundi Mkuu yuko kaburini na hawezi kuulizwa. Najua kwa nini alifanya vile. Bila mimi asingekuwa na mtu wa kuingia majiko ya Kibokoni, na bila kuta safi rangi yake isingeshika. Hakunichukia. Alinihitaji, akatafuta uongo mdogo unaofanana na mimi, na ukafanana sawasawa.

"Ningekuja," nilimwambia. "Wallahi, Rahel, ningekuja."

"Sasa najua," alisema. Akanipiga piga goti. "Sasa najua, lakini mimi mwisho wa mwezi nahamia Kitui kwa binti yangu. Mume hayupo tena. Nyumba nimekwisha kuirudisha."

Majuma yale machache tuliyatumia vizuri. Alikuja Kibokoni, tukaenda kwa Bi Zuhura, ambaye sasa ni bibi kizee wa kitandani, na alipomshika Rahel uso alimtambua kwa vidole, pale pale kwenye kope. Mimi nilikwenda Majengo, nikala kwake. Siku moja kabla ya safari alinipeleka kuona kundi lake, ambalo sasa linaongozwa na mwanamke aliyemfundisha. Walikuwa na kazi Kizingo, nyumba yenye uzio wa maua.

Nilisimama mlangoni mwa jiko. Walikuwa wanawake wanne, wengine na suruali, mmoja na hijabu yake kaifunga vizuri nyuma ya shingo, yuko kileleni mwa ngazi. Ukuta wa kulia walikuwa wanauosha, kutoka chini kwenda juu. Wa kushoto ulikuwa umekwisha kukauka, na wale wale wanawake walikuwa wanaupaka, rangi ya krimu, inashika kama ilizaliwa nao. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia. Rahel alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anawasikiliza tu, uso wake umetulia.

Yule mwenye hijabu alishuka, akafuta mikono, akanipa mkono kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Mama Rahel atuambia wewe nawe ulikuwa katika kazi hii."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa."

"Ulikuwa wapaka sehemu gani? Mimi huniweka darini."

"Nilikuwa naosha."

"Na ukisha kuosha?"

Alikuwa anauliza kwa kutaka kujua, macho yake mapana, brashi inadondosha rangi juu ya gazeti. Rahel alikuwa ameinua kichwa.

"Nikisha kuosha," nilimwambia, "nilikuwa nakwenda zangu nyumbani."